Siku Mama Alipozunguka Soko Akiomba Dumuzi

Umeshawahi kumwona muuza mahindi akizunguka sokoni kuomba wadudu?

Mimi nimemwona. Na alikuwa mama yangu mzazi.

Kibaigwa, mwaka 1994, likizo ya Pasaka. Mama kashika kopo tupu la mafuta ya Kimbo, anatoka kwenye gunia hili anakwenda kwenye lile, anauliza kwa sauti ya chinichini: "Jamani, nani ana dumuzi anigawie? Hata kiganja kimoja tu."

Wengine walisema karogwa. Wengine wakasema biashara imemzidi, akili imeruka.

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anahangaika kurudisha kitu ambacho jana yake alikuwa amewamwagia kuku kwa mkono wake mwenyewe.

Ngoja nikae vizuri nikusimulie.

Mimi naitwa Hilda. Wakati huo nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, shule ya bweni ya wasichana. Maabara yetu ilikuwa na hadubini moja, kioo chake kimepasuka, na darasa zima tunapanga foleni kuchungulia. Zamu yako ikifika unaona giza na kope zako mwenyewe. Unatoka hapo unasema, "Nimeiona seli, mwalimu." Utasemaje sasa?

Siku moja mwalimu wa biolojia akatuletea habari. Kuna kambi ya utafiti likizo ya Juni, kwa wanafunzi wa kidato cha tano wa mikoa ya kati. Wafadhili wamegharamia kila kitu. Unaishi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, unakabidhiwa hadubini yako peke yako, unafanya kazi na watafiti wenyewe.

Wanachukua wachache mno. Na ni kidato cha tano tu, ukivuka hapo imekula kwako.

"Halafu hawaangalii alama za mtihani," mwalimu akasema. "Unaanza utafiti wako mwenyewe nyumbani kwenu, unaomba, kisha mtu anakuja kuukagua kwa macho yake."

Jamani, niliitaka ile nafasi mpaka chakula kikawa hakipiti.

Na kwetu Kibaigwa huwezi kukosa cha kutafiti. Tulikuwa na dumuzi. Watu walimbatiza Skania, kama yale malori, maana akiingia stoo hana breki. Anatoboa punje, anaacha unga mtupu na maganda.

Sasa Mama yangu ndiye aliyekuwa na stoo. Jina lake Dorkasi, ila Kibaigwa nzima ilimwita Mama Hilda. Serikali ilipofungua mlango wa biashara ya nafaka, kila mwenye mtaji akaruhusiwa kununua na kuuza, Mama hakungoja kusukumwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake unaujua. Ukweli ni kwamba sisi tulikula kwa mahindi ya Mama.

Likizo ya Krismasi nikaanza utafiti wangu. Nikachukua makopo ya Kimbo, nikaweka mahindi, nikatia dumuzi wachache kila kopo, nikafunga kitambaa mdomoni. Kopo moja nilitia majivu ya mti wa mkungugu. Jingine majani makavu ya mwarobaini yaliyosagwa. Jingine nikachanganya vyote viwili.

La mwisho sikuweka dawa yoyote. Hilo darasani tunaliita kontroo. Bila hilo huna utafiti, maana utajuaje kama dawa imefanya kazi wakati huna cha kulinganisha?

Shule zilipofunguliwa nikamkabidhi Mama.

"Mama, hili la mwisho liache liliwe."

"Niyaache mahindi yaliwe huku nayatazama?"

"Ndiyo, Mama. Yaliwe."

Akacheka, akatikisa kichwa. "Haya, msomi wangu. Yaliwe."

Akayatunza muhula mzima. Pasaka niliporudi, kile kitambaa cha kontroo kilikuwa kimejaa vumbi la unga, na ukitega sikio unawasikia dumuzi wanavyotafuna. Makopo ya dawa yalikuwa na nafuu, na lile la mchanganyiko lilikuwa zima kabisa.

Nikahesabu punje zilizoliwa kopo kwa kopo, nikaziandika kwenye fomu ya mkaguzi. Nilirukaruka uani. Nafasi ile nilishaiona mkononi.

Siku ya ukaguzi asubuhi nikaenda kituo cha mabasi kumpokea mgeni. Mama akabaki anafanya usafi.

Haya yaliyofuata sikuyaona. Alinisimulia mwenyewe baadaye, neno kwa neno, bila kujitetea.

Alifagia uwanja. Akakamata kuku wa mgeni, akamfunga miguu. Akafuta vumbi kwenye makopo yangu. Alipofika kwenye kontroo akafungua kitambaa achungulie.

Moyo ukampasuka. Unga. Mashimo. Dumuzi wanapandana.

Ikumbuke na ile siku. Ilikuwa Aprili, mahindi mapya bado yako shambani na bei imepanda. Dalali Matonya alikuwa anakuja mchana uleule kukubaliana bei ya stoo nzima. Na mgeni wa serikali yuko njiani. Sasa mgeni anakuja kwa muuza mahindi, anafunguliwa kopo, anakuta dumuzi!

Kwa Mama ile haikuwa sayansi. Ilikuwa ni kumwonyesha mgeni uchafu wa nyumba.

Akachukua ungo, akapepeta. Unga na wadudu akawamwagia kuku. Yale mahindi yaliyotoboka akayamimina juu ya gunia moja kule stoo, kwa sababu Ugogoni hakuna mtu anayetupa nafaka, hata iwe mbovu namna gani. Wazee wetu wameona njaa. Kisha akajaza kopo langu mahindi mazuri meupe, akafunga kitambaa kipya kilichofuliwa.

Alikuwa na furaha. Alidhani kanisaidia!

Mgeni aliitwa Bwana Raphael, mtafiti, mtu mpole wa maneno machache. Baba alikuwepo, kavaa koti lake la kanisani. Matonya naye kashafika, kakaa pembeni anangoja mambo ya bei. Mama akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa.

Bwana Raphael akafungua makopo moja baada ya jingine, anamimina punje kiganjani, anatazama kwa lensi. Mimi nyuma yake natabasamu mwenyewe.

Akafika kwenye kontroo.

Akatazama. Akarudia kutazama.

"Binti, hili ndilo halikutiwa kitu?"

"Ndiyo, shikamoo." Woga huo, nikajikuta namwamkia mara ya pili.

"Marahaba. Mbona ni zima?"

Nikasogea. Nikaona mahindi meupe, yanang'aa.

"Jana yalikuwa... jana yalikuwa yameliwa. Niliyaona!"

"Kwenye fomu umeandika kwamba kopo hili liliharibika vibaya. Uliyahesabu kweli, au uliandika unavyodhani yatakuwa?"

"Niliyahesabu! Mama, si uliwaona dumuzi? Mwambie!"

Wote wakamgeukia Mama. Alikuwa kashika sinia la ugali na yule kuku.

Alinieleza baadaye kwamba neno lilimfika ncha ya ulimi. Kisha akamwona Matonya kakodoa macho. Akisema "walikuwepo", kesho Kibaigwa nzima itajua stoo ya Mama Hilda ina Skania. Akasema moyoni, ngoja mgeni ale kwanza, nitamwambia pembeni.

"Karibuni chakula," akasema.

Basi.

Bwana Raphael akala kidogo, akanawa, akashukuru. "Nitaandika nilichokiona," akamwambia Baba. "Nipo gesti pale barabarani. Kesho mchana naondoka na basi la Dodoma."

Alipotoka tu, Baba akanigeukia. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Mimi nimefundisha watoto wa watu wasiibie mitihani, kumbe nyumbani nimefuga mwongo."

"Baba, sijadanganya."

"Utaandika barua ya kumwomba radhi. Useme ulibuni zile namba. Kesho asubuhi unampelekea mwenyewe."

"Siandiki uongo!"

"Sasa ndiyo umejua uongo ni mbaya?"

Nililia mpaka nikaishiwa sauti. Mama alikuwa jikoni, anasikia yote, anasugua sufuria ambayo ilikwishatakata. Alikuja mara moja mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Nilidhani naye ananionea haya. Iliniuma kuliko maneno ya Baba.

Mwisho niliandika. Unafanyaje na mzazi kasimama juu ya kichwa chako?

Asubuhi Mama hakuonekana. Alikuwa keshachukua kopo, yuko sokoni.

Akili yake ilimtuma hivi: nikipata dumuzi na mahindi mabovu, nitajaza kopo kama lilivyokuwa, nitamwita yule bwana, nitasema tulichanganya makopo. Mtoto atapona na stoo itapona.

Soko la enzi hizo halikuwa hili la majengo. Yalikuwa magunia na maturubai pembeni ya barabara ya Dar, malori yamejipanga, madalali wanapiga kelele.

Akaanza kwa Mishi, shoga yake wa siku nyingi.

"Mishi, una dumuzi?"

"Weee! Koma! Kwangu mimi utawatafuta mpaka kiama."

Na khanga ya Mishi imejaa unga wa punje zilizotobolewa, mabegani kote. Mama akautazama ule unga, akapita.

Akaenda kwa wa pili. Akafukuzwa. Wa tatu akaapa kwa kaburi la baba yake. Soko zima lenye Skania wa kutosha kula mkoa, ghafla hakuna hata mdudu mmoja!

Halafu Matonya akamsimamisha.

"Mama Hilda. Hao dumuzi unawatafuta ukampandie nani?"

"Simpandii mtu."

"Jana tumekubaliana bei. Leo unaomba wadudu magunia ya wenzio yaharibike, yako yapande bei. Sisi watoto?"

Kelele zikaanza. "Anataka kutuharibia!" "Mnyang'anye hilo kopo!" Mtu akamvuta mkono. Kopo likaanguka.

Mimi ndiyo nafika, na barua yangu mkononi, naelekea gesti. Bwana Raphael alikuwa anakunywa chai kwa mama ntilie hapohapo mkabala. Akasimama kuona kuna nini.

Mama akaniona. Akaiona na ile barua.

Akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya madalali na wapakiaji wote, akamwelekea Bwana Raphael.

"Baba, mwanangu hakudanganya. Dumuzi walikuwemo. Niliwapepeta mimi. Niliona haya mgeni kuwakuta nyumbani kwangu. Jana nilikuwa na kinywa, nikakaribisha watu chakula."

Aliyemvuta mkono akarudi nyuma.

Bwana Raphael akamwinua. "Mama, nataka kukuamini. Lakini mzazi anaweza kusema lolote kwa ajili ya mtoto. Hayo mahindi mabovu uliyapeleka wapi?"

Mama akamtazama Matonya. Kisha akanitazama mimi.

"Yako stoo. Kwenye gunia."

"Yapi tena? Yale niliyonunua mimi?" Matonya akapaza sauti.

"Twendeni," Mama akasema.

Akatembea mbele, soko zima nyuma. Akafungua kufuli mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia, akalifungua mdomo, akarudi nyuma.

Yalikuwepo. Punje zimetoboka kama chekecheke. Bwana Raphael akaipasua moja kwa ukucha, ndani mna buu mweupe anajinyonganyonga. Mama alikuwa amepepeta wakubwa tu. Watoto walibaki ndani.

Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Lakini Bwana Raphael akaendelea kuchimba kwa mkono chini zaidi. Mkono ukatoka wa kijivu. Akafungua gunia la pili, kijivu. La tatu, vilevile.

"Mama, hiki nini?"

Mama akainamisha kichwa.

"Majivu ya mkungugu na mwarobaini. Februari niliona lile kopo la mchanganyiko la mwanangu haliguswi. Nikatia magunia yote."

Hakuwa ameniambia! Stoo yake yote, riziki ya nyumba nzima, aliiweka juu ya kopo langu la Kimbo wakati mimi mwenyewe bado sina uhakika. Mtu wa kwanza duniani kuuamini utafiti wangu alikuwa yeye.

Na ndicho kilichomfunga mdomo zaidi jana. Sokoni, majivu kwenye gunia yalihesabiwa wizi. Ni kuongeza uzito. Hata useme ni dawa, nani atakusikiliza?

Matonya hakusikiliza. "Skania juu, majivu chini! Biashara hakuna, Mama Hilda. Na nitamwambia kila mtu." Akatoka, wenzake wakamfuata.

Tukabaki watatu.

"Binti hakudanganya," Bwana Raphael akasema. "Hilo nitaliandika kwa mkono wangu, na baba yako nitamwambia mwenyewe."

"Kwa hiyo nafasi ninayo?"

Akachelewa kujibu.

"Kontroo imeguswa. Siwezi kulipima kopo lililopepetwa. Nikilipitisha, nitakuwa mimi ndiye nadanganya."

Nilimgeukia Mama. "Si ungesema jana! Jana angalau angekwenda stoo mambo yakiwa bado ya moto!"

"Ningesema jana," Mama akajibu.

Baba alipoelezwa, aliichukua ile barua, akaichana, akaketi na vipande mkononi muda mrefu. Akaniomba msamaha siku hiyohiyo. Kwake nilitoa. Kwa Mama sikuweza. Kwa nini? Sijui. Labda ni kwa sababu yeye ndiye niliyempenda zaidi.

Msimu ule Mama aliuza mahindi yake kwa debe, kwa bei ya kutupa, kwa wapika pombe. Hakulalamika. Kila nikitumiwa hela ya shule nilijua imetoka wapi, na bado nikawa namjibu kwa mkato.

Mei, nikiwa nyumbani kwa likizo fupi, ikaja barua kutoka kituo cha utafiti. Baba akaifungua, akasoma, akanipa. Jina langu halikuwemo kwenye waliochaguliwa.

Ila kulikuwa na karatasi ya pili, ya Mama.

Walikuwa wanaomba aje. Juni, siku zilezile za kambi. Aje na debe la mahindi kutoka stoo yake, awaeleze watafiti na wanafunzi alivyochanganya na alichokiona, kwani hawakuwa wamewahi kupata stoo nzima iliyotiwa dawa hivyo.

Unaona mambo? Nilitaka kwenda mimi, akaitwa Mama.

"Siendi," Mama akasema papo hapo. "Nikakae kwenye kiti cha mwanangu? Mungu apishe mbali."

Nikuambie ukweli? Nilifurahi aliposema haendi. Nilirudi shuleni na furaha ile mbaya, nikakaa nayo wiki kadhaa. Ikaanza kunichoma. Huyu mwanamke alipiga magoti sokoni ili nisiitwe mwongo, akaifungua stoo yake akijua anachokipoteza. Mimi namnyima hata basi la kwenda na kurudi.

Tulipofunga shule nikafika nyumbani, sikukaa. Nikaenda stoo, nikajaza debe, nikalifunga kwa kamba.

"La nini hilo?" Mama akauliza.

"Lako. Unaondoka kesho."

"Hilda..."

"Utaenda, Mama. Utafiti ni wangu. Nani mwingine atausemea?"

Alikwenda. Akarudi baada ya siku chache, kavaa khanga zilezile, mikono mitupu. Nikamwandalia chakula.

"Haya, niambie. Kukoje?"

"Aah, kawaida tu. Majengo, nyasi. Hamna kitu."

Nikamjua. Alikuwa ananificha uzuri wa mahali pale ili nisiumie.

"Mama. Usininyamazie tena."

Akaacha kula. Machozi yakaanza kumtoka, na maneno yakatoka nayo.

Akaniambia kuna chumba kirefu, hadubini zimepangwa, vioo havijapasuka. Akaniambia walimweka dumuzi chini ya moja, akachungulia: "Ana vinyweleo, mwanangu! Nimemchukia miaka yote kumbe sijawahi kumwona." Akaniambia wanafunzi waliuliza maswali, na kila alichojibu alianza kwa kusema, "Binti yangu alifanya hivi." Ugali ukapoa, tukausahau.

"Kila mwanafunzi alikuwa na stuli yake," akasema. "Moja ilikuwa tupu, pale dirishani. Wakaniambia, kaa Mama. Siku zote zile kila asubuhi wananiambia, kaa Mama."

"Ukakaa?"

"Nilisimama."

Siku zote zile alisimama, na miguu yake huvimba akisimama sana.

Nikainuka, nikamsogezea kigoda changu, nikamshika mabega nikamkalisha. "Nimekusamehe, Mama. Kaa." Akakaa, akalia kama mtoto.

Wewe unayesoma hapa, ukimkosea mtu wako, sema mapema, sinia likiwa bado mkononi. Usingoje watu wamalize kula. Na kama wewe ndiye uliyekosewa, na aliyekukosea ameshasema, tena mbele za watu, usimwache amesimama. Mpe kiti akae.